MAARIFA NYUMBANI: Mlango wa Nje na Mlango wa Ndani

Makala ya leo yanawahusu hasa vijana wanaojifunza kazi ya kompyuta, lakini nawaomba wazazi wasigeuze ukurasa. Jambo nitakalolieleza lilianzia kwenye daftari la akina mama, na hasara yake iligusa nyumba za askari wetu.

Hapa mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama wanaowekeana akiba, kile ambacho kwa Kinyarwanda huitwa ikimina. Wengi wao ni wake wa askari na polisi, ambao waume zao huwa kazini mbali kwa miezi mingi. Kila Jumapili alasiri hukutana, kila mmoja hutoa fungu lake, na mama mhazini huandika katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Mwaka jana waliniomba niwatafutie njia ya kuweka hesabu hizo katika kompyuta, ili mwanachama aliye safarini aweze kuitazama akiba yake kwa simu. Mimi nilisomea ualimu na sasa ni karani wa serikali. Kompyuta naitumia kwa kuandikia barua na kupangia majedwali. Kwa hiyo nilimwita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesomea utengenezaji wa programu.

Kijana alifanya kazi usiku na mchana kwa majuma mawili. Tulikodi nafasi katika seva, yaani kompyuta iliyo mbali inayofanya kazi saa zote, na mambo yakawa. Akina mama walifungua simu zao, wakaona majina na fedha zao, wakapiga vigelegele. Siku ya tisa, alfajiri, mama mhazini alinipigia simu.

"Mwalimu, hesabu zetu hazipo."

Nilidhani mtandao umekatika. Mpwa wangu alipochungulia hifadhidata, alikuta majedwali yote yamefutwa, na mahali pake pameachwa ujumbe wa Kiingereza unaodai malipo ya bitcoin ili kumbukumbu zirudishwe. Mwizi hakuvunja ukuta wala hakuezua paa. Aliingia kwa kupitia mlangoni, na mlango huo tuliufungua sisi wenyewe, kwa mstari mmoja wa maagizo wenye nambari mbili, ambazo kijana alizinakili mahali bila kuelewa maana yake.

Leo tujifunze maana ya nambari hizo mbili.

KONTENA LISILO LA CHUMA

Rwanda haina bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa tunazotumia hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huja kwa malori. Zile za Dar es Salaam huingia kwa Rusumo, na makontena mengi hufikia kituo cha mizigo cha Masaka, wilayani Kicukiro. Kwa hiyo hakuna mtu wa Kigali asiyelijua kontena: sanduku la chuma lenye urefu wa futi 20 au 40. Ubora wake ni kwamba mchukuzi hana haja ya kujua kilichomo. Viwe ni viatu, iwe ni dawa au vyerehani, winchi ya kunyanyulia ni ile ile, na lori la kubebea ni lile lile. Mfanyabiashara wa Kimarekani Malcom McLean alianza kuthibitisha jambo hilo tarehe 26 Aprili 1956, meli yake Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo kila gunia na kila kasha lilibebwa peke yake, na meli ilikaa bandarini siku nyingi ikipakiwa na kupakuliwa.

Watu wa kompyuta walikuwa na taabu iliyofanana na hiyo. Kijana hutengeneza programu katika kompyuta yake, ikafanya kazi vizuri, lakini akiihamisha kwenda kompyuta nyingine inakataa kwa sababu kifaa fulani hakipo au ni cha toleo jingine. Mwezi Machi 2013, Solomon Hykes alionyesha hadharani huko Santa Clara, California, chombo kiitwacho Docker, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mchukuzi wa mizigo bandarini. Chombo hicho huchukua programu pamoja na kila kitu inachokihitaji, na kuvifunga katika sanduku moja lisilo la chuma, lililotengenezwa kwa maagizo ya kompyuta tu. Sanduku hilo ndilo linaloitwa kontena. Likifanya kazi Nyakabanda, litafanya kazi vivyo hivyo Nairobi au Muskati.

Kompyuta inayoyabeba makontena huitwa mwenyeji. Mwenyeji mmoja aweza kubeba makontena mengi kwa pamoja, na yote hutumia kiini kimoja cha mfumo wake. Lakini kila kontena limetengwa na mengine kama chumba chenye kuta zake. Programu iliyomo ndani huona mafaili yake tu, na huwa na anwani yake ya ndani. Haijui majirani zake ni nani, wala watu wa nje hawaijui. Kutengwa huko ndiko kunakoleta usalama, na ndiko pia kunakoleta swali letu: kama chumba kimefungwa pande zote, mgeni ataingiaje?

MLANGO NI NINI

Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani yake. Anwani hukufikisha kwenye nyumba, lakini ndani ya nyumba hiyo kuna kazi nyingi zinazofanyika kwa wakati mmoja: hapa panatolewa kurasa za kusoma, pale panapokelewa barua pepe, kule panatunzwa hifadhidata. Ili mgeni asiingie pasipomhusu, kila kazi hupewa mlango wenye nambari.

Kwa Kiingereza, neno linalotumika kwa mlango huu ni lile lile linalotumika kwa bandari. Kwa sababu hiyo wengine kwetu husema poti na wengine husema bandari. Mimi nitasema mlango, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Nambari za milango huanzia 0 hadi 65535. Kikomo hicho kinatokana na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya nambari hiyo katika kila kifurushi cha data, ambayo ni tarakimu 16 za sifuri na moja. Baadhi ya milango imezoeleka duniani kote. Mlango wa 80 ni wa kurasa za wavuti za kawaida, na wa 443 ni wa kurasa zinazosafirishwa kwa mafumbo ili mtu wa njiani asizisome. Mlango wa 25 ni wa barua pepe, na wa 22 ni ule ambao msimamizi huutumia kuiongoza seva akiwa mbali. Hifadhidata ya MySQL husikiliza mlango wa 3306, na ya PostgreSQL mlango wa 5432. Haya ni mazoea yaliyoandikishwa ili watu wasipotezane; mwenye programu aweza kuiamuru isikilize mlango mwingine.

Neno kusikiliza lina uzito hapa. Mlango wenyewe ni nambari tu. Huwa na uhai pale tu programu inapokaa nyuma yake ikingoja mtu abishe hodi. Kama hakuna aliyekaa nyuma yake, mgeni ataambiwa hakuna mtu, arudi zake.

NAMBARI MBILI KATIKA UA MMOJA

Sasa njoo nami katika mojawapo ya nyua zetu za Nyakabanda. Mwenye nyumba amejenga safu ya vyumba vya kupangisha, akauzungushia ua ukuta, na kuweka lango moja linalotazama barabara. Langoni yupo mlinzi. Katika Kinyarwanda mlinzi huyo huitwa umuzamu, na Mswahili akilisikia neno hilo hulitambua mara moja, kwa maana zamu ni neno lake.

Vyumba vyote vilijengwa kwa ramani moja. Fundi aliandika nambari 80 kwenye mlango wa mbele wa kila chumba. Kwa hiyo mshona nguo anakaa nyuma ya mlango wa 80, muuza vitabu naye anakaa nyuma ya mlango wa 80 katika chumba chake. Ndani ya ua hakuna ugomvi, kwa sababu kila mlango wa 80 ni wa chumba chake. Lakini mgeni akifika langoni na kusema, "Nataka mlango wa 80," mlinzi atampeleka wapi?

Mwenye nyumba huondoa utata huo kwa kumpa mlinzi daftari. Ndani yake ameandika: anayeuliza nambari 8080 mpeleke kwa mshona nguo, mlango wake wa 80; anayeuliza nambari 8081 mpeleke kwa muuza vitabu, mlango wake wa 80. Mgeni hana haja ya kujua mpango wa ndani, na mshona nguo hana haja ya kubadili nambari ya mlango wake. Daftari la mlinzi ndilo linalowaunganisha.

Hayo ndiyo yanayofanyika katika kompyuta. Kijana anapoandika maagizo haya:

docker run -p 8080:80 nginx

anamwambia mwenyeji: anzisha kontena la nginx, ambayo ni programu ya kutolea kurasa za wavuti, na atakayebisha hodi katika mlango wako wa 8080 umpeleke kwenye mlango wa 80 wa kontena hilo. Nambari ya kushoto ni mlango wa nje, ulio wa mwenyeji. Nambari ya kulia ni mlango wa ndani, ulio wa kontena. Soma kama mtu anavyotembea: anatoka barabarani, anapita langoni, anaingia chumbani. Ukiukumbuka mwendo huo hutazigeuza nambari tena.

MLINZI HUFANYAJE KAZI

Wasomaji walio katika vikosi vya mawasiliano watapenda kujua undani kidogo. Docker inapowekwa katika kompyuta ya Linux, hutengeneza daraja la ndani ambalo makontena huunganishwa nalo. Kwa kawaida anwani za humo huanza na 172.17, kwa mfano 172.17.0.2. Anwani hizo ni za uani tu. Mtu aliye upande mwingine wa dunia hawezi kuzifikia moja kwa moja.

Kifurushi cha data kinapofika mlango wa 8080 wa mwenyeji, mfumo wa Linux hubadilisha anwani ya kiendako. Palipoandikwa anwani ya mwenyeji na mlango wa 8080, sasa panaandikwa 172.17.0.2 na mlango wa 80. Kifurushi hupita darajani na kuingia katika kontena. Wakati huo huo mwenyeji huweka kumbukumbu ya safari hiyo, kama askari wa lango la kambi anavyoandika jina la mgeni na saa aliyoingia. Jibu linaporudi, mwenyeji hutazama kumbukumbu hiyo, hurejesha anwani ya kwanza, na kulipeleka kwa aliyeuliza. Mgeni huona kana kwamba alizungumza na mwenyeji peke yake.

MAKOSA YANAYOSUMBUA WENGI

Kosa la kwanza ni kumpa mlango mmoja wa nje wapangaji wawili. Makontena mawili yakiomba mlango wa 8080 katika anwani moja, la pili litakataliwa na kuambiwa kwamba mlango umekwisha kutwaliwa. Dawa yake ni kubadili nambari ya kushoto; ya kulia haina kosa.

Kosa la pili ni programu kusikiliza upande usiofaa. Kila kompyuta ina anwani ya kujisemea yenyewe, 127.0.0.1, na kila kontena lina ya kwake. Programu iliyo ndani ya kontena ikiwa inasikiliza anwani hiyo tu, ni kama mshona nguo aliyekaa chumbani na kuziba masikio: mlinzi atamleta mgeni hadi mlangoni, lakini hatafunguliwa. Yapasa programu iambiwe isikilize anwani zote za kontena, yaani 0.0.0.0. Kwa sababu hiyo hiyo, kontena likiita 127.0.0.1 kutafuta hifadhidata, linajiita lenyewe, halimwiti jirani wala mwenyeji.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba tangazo ni ufunguo. Katika maagizo ya kutengenezea kontena, mtengenezaji aweza kuandika kwamba programu yake inatumia mlango fulani. Hayo ni maelezo tu kwa msomaji. Mlango wa nje haufunguki mpaka mwenye kuanzisha kontena atoe amri.

Kosa la nne hutokea wakati wa kusahihisha. Milango hupangwa kontena linapoundwa, na kwa kawaida mtu akitaka kuibadili huliondoa kontena na kuliunda upya. Hakuna ubaya, mradi kumbukumbu zimewekwa katika hifadhi iliyo nje ya kontena. Zikiwa ndani yake, zitaondoka pamoja nalo.

KOSA LA NYUMBA YETU

Makosa hayo manne humchelewesha mtu, kisha hurekebishwa. Letu lilikuwa la namna nyingine, kwa sababu kila kitu kilifanya kazi.

Mpwa wangu aliunda makontena mawili. Moja lilitoa kurasa kwa akina mama, na jingine lilikuwa na hifadhidata ya MySQL. La kwanza lilihitaji mlango wa nje, kwani wageni wake walitoka nje. La pili halikuhitaji. Mgeni wake alikuwa mmoja tu, naye ni lile kontena la kwanza, jirani yake wa uani. Makontena yaliyowekwa katika mtandao mmoja wa ndani uliotengenezwa kwa ajili yao huitana kwa majina na kutumia milango yao ya ndani, bila kupita langoni kabisa. Mshona nguo akitaka uzi kwa jirani yake hatoki barabarani na kurudi tena.

Lakini kijana alikuwa amesoma mahali kwamba hifadhidata huandikiwa 3306:3306, naye akaandika hivyo. Mtu asipotaja anwani mbele ya nambari ya kushoto, Docker hufungua mlango huo katika anwani zote za mwenyeji. Katika kompyuta ya nyumbani pengine isingedhuru. Katika seva iliyo wazi kwa dunia nzima, ilikuwa sawa na kuweka sanduku la fedha kando ya barabara. Juu ya hayo, neno la siri lilikuwa ni jina la mtaa wetu.

"Mjomba, ukuta niliuweka," aliniambia macho yakimtoka. Alisema kweli. Alikuwa ameweka ukuta wa ulinzi unaotumika sana katika Ubuntu, uitwao ufw, na kuuagiza uruhusu milango mitatu tu: 22, 80 na 443. Asichokijua ni kwamba Docker huandika kanuni zake yenyewe katika Linux. Mgeni wa kontena hugeuzwa njia kabla hajafika mahali ambapo kanuni za ufw hukagua wanaoingia. Ni kama kumweka askari kwenye mlango wa sebule huku wageni wakipitishwa kwa ubavu wa nyumba. Ukuta ulionyesha kwamba mlango wa 3306 umefungwa, na mlango ulikuwa wazi.

Asidhani mtu kwamba kikundi cha Nyakabanda ni kidogo mno kutazamwa na wezi. Hakuna mtu aliyeketi akatuchagua. Zipo programu zinazopita mtandaoni mchana na usiku zikijaribu kila anwani na kila mlango, kama mtu apitaye mtaani akigusa vitasa vyote. Mnamo Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila neno la siri zilifutwa duniani kote kwa namna hiyo, na kuachiwa ujumbe wa kudai bitcoin. Wachunguzi waligundua kwamba nyingi zilifutwa tu bila kunakiliwa, hivyo hata aliyelipa hakurudishiwa kitu.

Sisi hatukulipa. Mama mhazini alikuwa hajaliacha daftari lake. Alikuwa ameendelea kuandika kwa kalamu kila Jumapili, akisema kwamba kompyuta ni mgeni, na mgeni haachiwi nyumba siku ya kwanza. Alinisomea majina na mafungu kwa jioni mbili, nami nikaandika. Hesabu zote zilirudi, hata faranga moja haikupotea.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikurudi. Katika jedwali la wanachama tulikuwa tumeweka namba za simu na mtaa wa kila mama, pamoja na safu moja iliyoandikwa "kazi ya mume na mahali alipo". Mimi ndiye niliyeiomba safu hiyo, kwa mazoea ya ofisini ya kujaza kila nafasi ya fomu. Fedha zilihesabiwa upya, lakini siri iliyokwisha kutoka haihesabiwi ikarudi. Ilinibidi niwaendee akina mama wale, mmoja baada ya mwingine, niwaambie kwamba mtu wasiyemjua huenda anajua mume yuko wapi na mke analala wapi. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, mahali pa kazi pa baba watoto palihusianaje na akiba yangu?" Sikuwa na jibu.

Nchi yetu ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hiyo humtaka mwenye dhamana ya data binafsi aiarifu mamlaka ndani ya saa 48 tangu alipojua kwamba zimevuja. Wanaotunza majina ya watu katika kompyuta, hata kama ni kwa kikundi cha jirani, na waisome.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa vijana wanaoshika kazi hii, na kwa wazazi watakaowauliza, nayaweka hapa kwa ufupi.

1. Kabla ya kuandika nambari mbili, uliza: mgeni wa kontena hili anatoka wapi? Akiwa ni jirani wa uani, usifungue mlango wa nje kabisa. Waweke katika mtandao mmoja wa ndani waitane kwa majina.

2. Ikiwa mlango unahitajika kwa mtu aliye katika kompyuta mwenyeji tu, taja anwani yake: 127.0.0.1:3306:3306. Hapo mlango hufunguka kwa waliomo ndani ya nyumba, na barabarani hauonekani.

3. Kagua. Amri ya docker ps huorodhesha makontena na milango yake. Ukiona 0.0.0.0:3306->3306/tcp, jua kwamba mlango wa hifadhidata uko wazi katika anwani zote. Ukiona 3306/tcp peke yake, mlango uko ndani tu.

4. Usiuamini ukuta kwa kuutazama ukiwa ndani. Toka nje, kwa kompyuta nyingine na mtandao mwingine, ubishe hodi mwenyewe.

5. Weka neno la siri la kweli, hata kwa mlango wa ndani. Mlango uliofichwa si sababu ya kuacha komeo.

6. Tunza nakala mahali pengine, na mara kwa mara jaribu kuirejesha ili uhakikishe kwamba inarudi.

7. Usiandike usichokihitaji. Mwizi hawezi kuchukua kisichokuwamo.

Mpwa wangu aliunda upya kila kitu. Sasa kontena la kurasa peke yake ndilo lenye mlango wa nje, ule wa 443. Hifadhidata inakaa uani, na mtu wa barabarani hajui kwamba ipo. Ile safu tuliifuta. Kabla ya kuwaita akina mama, kijana alikwenda nyumbani kwa rafiki yake Kimisagara, akabisha hodi katika mlango wa 3306 kwa kompyuta ya huko, akasubiri, asijibiwe. Alinipigia simu akicheka. Nami nilifurahi zaidi kwa kutojibiwa kule kuliko siku ile ya vigelegele.

Mama mhazini bado anaandika katika daftari lake kila Jumapili, wala simzuii.

Wenye maswali na waandike kama kawaida. Juma lijalo, majaliwa, tutazungumza juu ya kuchagua neno la siri ambalo familia nzima yaweza kulikumbuka bila kulibandika ukutani. Kwa leo naishia hapa. Kaeni salama, na kabla ya kulala tazameni milango yote miwili.